Maji yanadondoka juu ya dari asubuhi na mvua haijanyesha (Uyole, Mbeya)

Mama_Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, bati geji 30 (geji ni kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba), dari ya jipsamu tuliyoweka mwaka jana. Tangu baridi ya Juni ianze, kila asubuhi jua likishapiga bati, kama saa 2 hivi, nasikia matone juu ya dari. Mvua ilishakatika. Chumbani kwa mama yangu mzazi, ana miaka 74 na kifua kinamsumbua, kumeota doa la rangi ya chai, kubwa kama sinia, kona yake imeshakuwa nyeusi na inanuka ukungu. Fundi wa kwanza alipaka lami misumari yote, akachukua 80,000, wiki iliyofuata hali ni ileile. Wa pili anasema tung'oe bati lote. Hela hiyo sina. Na nyumba yenyewe ni baridi mno, jioni tunamwingizia mama jiko la mkaa kidogo kabla hajalala. Nianzie wapi?

Kijana_Soweto
Geji 30 ni jepesi dada, weka 28. Utasahau habari hiyo.

Fundi_Makambako
Kaka, hapana. Hata geji 28 litadondosha.

Dada Uyole, pole, na mama mpe pole. La kwanza kabisa si dari. Hilo jiko lisiingie tena chumbani, kuanzia leo. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na inaua mtu akiwa usingizini. Ukija kuziba nyufa za nyumba ndiyo itakuwa hatari zaidi. Mpe mama blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Sasa bati. Kwa unavyoeleza, halivuji, linatoa jasho. Mvuke wa sufuria, pumzi za watu waliolala, nguo mbichi mnazoanika ndani, vyote vinapanda na hewa ya joto kupitia matundu ya dari. Usiku usio na mawingu bati linapoa kuliko hata hewa ya nje. Mvuke ukiligusa unageuka maji, siku za baridi kali unaganda kabisa, jua likitoka unayeyuka na kudondoka.

Uhakikishe mwenyewe. Siku kavu, saa 12 asubuhi, panda na tochi, ukanyage kenchi tu, yaani mbao kubwa zinazobeba paa, jipsamu haikubebi. Pitisha kiganja chini ya bati. Matone yakiwa yametapakaa kote kama kwenye mfuniko wa sufuria, ni mvuke. Maji yakiwa yamefuata msumari mmoja au kofia (bati la kufunika kilele cha paa) na kuchora mstari kwenye papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati), hapo panavuja. Kisha washa taa zote chini, wewe kaa gizani huko juu. Kila palipopenya mwanga, joto lako linatorokea hapo.

Mama_Uyole
Fundi, nimepanda leo. Kiganja kimetoka kimelowa chote, kila bati. Mwanga nimeuona sehemu 9. Juu ya taa ya jikoni fundi umeme aliacha tundu linaloingia ngumi yangu. Na lingine: tulipoweka fishabodi, zile mbao za ukingoni mwa paa, tuliziba pembeni kote kwa sababu ya popo. Hakuna hewa inayopita hata kidogo. Mafinga naweza kupata maranda bure, nimwage juu ya dari?

Fundi_Makambako
Umeshapata jibu lako. Maranda usiweke: yananyonya unyevu, panya wanazaliana humo, na waya ukichunika yanashika moto.

Ziba yale 9 kwanza, na mlango wa dari uuwekee mpira pembeni. Halafu toboa fishabodi pande mbili zinazotazamana, uweke wavu wa chuma wa matundu madogo, popo hawatapita. Acha pakauke vizuri, kata kipande cheusi uweke kipya. Baada ya hapo ndipo utandike sufi ya kioo, ile ya njano inayouzwa imeviringwa kama blanketi. Isibanwe wala isilowe, kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani yake. Isifunike matundu ya pembeni wala taa zilizozama kwenye dari. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu. Hela ikiwa ndogo, anza na chumba cha mama.

Mama_Uyole
Narudi na majibu, wiki ya tatu hii. Matundu yamezibwa, wavu umewekwa, sufi ipo chumba cha mama peke yake. Sufuria ya maharage sasa inachemkia jiko la nje. Asubuhi nimeshika papi za upande wa mama, kavu, hata vumbi limerudi. Upande wa jikoni bado kuna unyevunyevu karibu na mlango wa dari, nadhani mpira haujakaa sawa. Jumamosi naufungua upya.