Chromebook ya mtumba na habari za klaudi: ndo tunakoelekea au muuzaji ananipiga fiksi?

Chalii wa Sakina:
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Arusha, jana nimepita mjini kwenye duka la laptopu used nikakutana na Chromebook (zile laptopu za mfumo wa Google, kazi zake nyingi ni kwenye brauza) moja safi tu haina hata mkwaruzo, RAM 4GB, storeji 32GB, bei laki mbili na nusu. Nikamwambia muuzaji GB 32 mbona hata simu yangu inaizidi, akacheka, akasema kaka unaishi wapi, siku hizi laptopu haibebi kitu, picha zipo klaudi, yaani kwenye kompyuta za makampuni unazozifikia kwa neti, ofisi ipo klaudi, mpaka gemu watu wanachezea klaudi, miaka mitano ijayo mtakuwa mnanunua kioo na kibodi tu, kompyuta yenyewe ipo Ulaya huko. Pembeni alikuwa na HP EliteBook 840 G1, i5, RAM 8, HDD 500, laki tatu na nusu, ila yeye mwenyewe anaiponda anasema ni mkweche.

Kazi zangu ni booking na kotesheni za kampuni ndogo ya utalii, nafanyia nyumbani, invoisi, Excel kiasi, na picha za wageni zinakuja nyingi mno. Kuna wiki naingia porini na wageni, Natron na kule Karatu ndani ndani, neti ya huko mnaijua wenyewe. Jioni mdogo wangu yupo chuo cha IAA anapigia asaimenti kwenye laptopu hiyo hiyo.

Bei sio tatizo sana. Nataka kujua hii klaudi kwa sisi wa huku ipoje kiukweli, isije ikawa maneno ya dukani.

Mangi Rau:
Chukua HP weka SSD (diski ya kasi) badala ya hiyo HDD. Uzi ufungwe.

Fundi Mbuyuni:
Mangi umejibu kibabe lakini hujamsaidia mtu 😀

Mkuu, mimi nagusa hizi mashine kila siku hapa Moshi, kabla hata hujafika kwenye klaudi angalia vitu viwili kwenye hiyo Chromebook. Iwashe palepale dukani, ifute yote mpaka ianze upya, halafu uingie na akaunti yako ya Gmail. Nyingi zinazoletwa huku zilikuwa za mashule ya Marekani, na shule isipoitoa kwenye orodha yake basi hata uifute vipi ikishika neti tu inakuandikia inasimamiwa na shule fulani na inadai akaunti ya mwanafunzi. Hapo ni sawa na kununua ng'ombe mwenye alama ya boma la mtu. Ikikuandikia hivyo mrudishie mwenyewe usianze kubishana.

La pili tarehe ya apdeti. Kila Chromebook ina tarehe yake ambayo Google wanaacha kuitumia masasisho, ipo kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu ChromeOS, maelezo ya ziada. Zilizotoka kuanzia 2021 wameahidi miaka 10 ila za nyuma ya hapo nyingi zimeshaisha muda, na hizo ndo zinashuka kwenye mitumba kwa wingi maana wenzetu wanazitoa kwa sababu hiyohiyo. Ikiisha haizimiki, itaendelea kuwaka, ila brauza inabaki ya zamani siku zinavyoenda, na mashine ambayo maisha yake yote ni brauza ikishakuwa hivyo kuna siku benki inakataa kufunguka, kesho kutwa sijui nini nacho kinagoma.

Na hiyo GB 32 kwa hizi za bei ya chini mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuja kwangu ukasema fundi niongezee.

Binti Njiro:
Jamani msimtishe mwenzenu, klaudi tunaitumia wote humu hata wanaoiponda. Mimi simu iliibiwa stendi mchana, jioni nimenunua nyingine nimeingiza Gmail, namba zote zimerudi, picha za harusi ya dada zimerudi, hata noti za vikao. Huko nyuma ukiibiwa simu ulikuwa unaanza kuomba namba za watu kwenye magrupu kama mgeni mjini. Kwa hilo siwezi kuisema vibaya hata kidogo.

Ila kaka angalia nafasi. Google wanakupa GB 15 za bure na ndani yake kuna barua pepe, Drive na picha vyote kwa pamoja. Zamani picha zilikuwa hazihesabiwi ukikubali zipunguzwe ubora kidogo, hiyo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Bekapu ya WhatsApp kwa Android nayo tangu 2024 inakula humohumo. iPhone ndo kabisa, GB 5 za bure tangu 2011 hawajaongeza hata moja. Kwa mtu wa picha za wageni utajaza mapema sana, na ikijaa hata email ya mteja haiingii, anatuma inarudi, wewe umekaa unasubiri booking. Halafu akaunti ikikaa miaka miwili haijaguswa Google wana haki ya kuifuta na vilivyomo. Kwa hiyo ni nzuri ila sio ya bure, ni ya kulipia kila mwezi, iingize kwenye matumizi kama umeme.

Mtu wa Nyaya:
Mimi niongelee hilo la gemu na la "kompyuta ipo Ulaya" maana ndo muuzaji kakudanganya kiufundi. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, ni nyingi lakini sio bure. Arusha mpaka Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya km 2,500, kwenda na kurudi tayari milisekunde 25, na nyaya hazinyooki, data inashuka pwani inazama baharini inaibukia Afrika Kusini ndo ipande tena. Gemu la fremu 60 kwa sekunde, kila fremu (picha moja) ni milisekunde 16 na ushee, yaani ukibonyeza, jibu linarudi fremu imeshapita. Ulaya ni zaidi ya mara mbili ya huo umbali. Hapo hata pesa haisaidii chalii yangu, ni fizikia. Na hata kwenye neti kali biashara yenyewe sio rahisi, Google walianzisha huduma ya gemu za klaudi, Stadia, 2019 wakaifunga Januari 2023, angalau waliwarudishia watu hela zao.

Ila pia nisiwe mchoyo, mitambo inasogea. Microsoft wamefungua Afrika Kusini 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Kwa kotesheni na Excel huwezi hata kuhisi umbali, hizo kazi klaudi inazimudu vizuri sana.

Tatizo ni siku njia ikikatika. Mnaikumbuka Mei 2024? Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, nchi nzima hapa tukawa tunatazamana. Mwenye faili lake kwenye diski aliendelea na kazi, mwenye kila kitu klaudi alikunywa chai. Na sio sisi maskini tu, Oktoba 2025 mitambo ya Amazon kule Virginia ilileta shida ikaonekana kuna watu Marekani wana vitanda vya kupoza na kupasha joto vinavyotegemea seva, vikagoma, mtu analala kwenye kitanda chenye joto anasubiri injinia wa Amazon. Kitanda jamani!

Fundi Mbuyuni:
Hahaha kitanda. Kuna kifaa cha kampuni ya Nest kinaitwa Revolv, kisanduku cha kuendesha taa na vitasa vya nyumba, Mei 2016 seva zake zikazimwa na kisanduku kikafa hapohapo, na watu walishakilipia.

Chalii wa Sakina:
Nimewaelewa wakuu, asanteni sana. Nimerudi dukani, Chromebook haidai shule lakini tarehe ya apdeti imepita kitambo, jamaa ananiambia hiyo ni tarehe ya kiwandani tu haina maana yoyote. Nimeiacha. Sasa nauliza mawili, huko mbele itakuwaje, na hii HP nikiweka SSD inadumu?

Mtu wa Nyaya:
Mbele sioni kioo kitupu. Ukiangalia kampuni zenyewe zinarudisha kazi kwenye kifaa, Google wameweka Gemini Nano, akili mnemba (AI) ndogo, ndani ya simu yao ya Pixel 8 Pro tangu 2023, Apple 2024 wakaja na mpango kwamba simu ifanye inachoweza na kizito tu kiende kwenye seva zao. Hata ChromeOS yenyewe, mfumo wa Chromebook, 2025 wametangaza wanaiunganisha na Android. Kwa hiyo ni kugawana, na kwa mtu wa Natron hiyo ni habari njema maana tafsiri na uandishi mdogo mdogo utafanyika bila neti.

Fundi Mbuyuni:
HP inadumu kimwili, SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia bila kelele. Ila nikuambie kabisa usije ukanilaumu, hiyo i5 ni ya kizazi cha nne, Windows 11 hawaikubali rasmi, na Windows 10 masasisho ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza mpaka Oktoba 2026 ambayo unaipata bure ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe OneDrive, klaudi ya Microsoft, yaani umekimbia klaudi dukani unaikuta ndani ya HP. Au weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inafungua Excel zako nyingi bila shida, labda zile zenye makro (amri za kujiendesha).

Ukiweza kuongeza hela kidogo tafuta ya kizazi cha nane, hapo Windows 11 inaingia yenyewe. Picha za wageni nunua eksteno (diski ya nje), klaudi weka zile za kazi tu na nyaraka.

Mangi Rau:
Si nilisema HP na SSD. GB 256 ninazo mbili mpya, atakayehitaji aje PM, Moshi nakuletea mpaka mkononi, Arusha natuma kwa basi.