Naombeni ushauri: niweke mtaji kwenye kadi na stika za NFC hapa Dar, au bado mapema?

mchapaji_sinza:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri wa kweli maana hii hela nimeitafuta kwa jasho na sitaki kukurupuka.

Nina kaofisi kangu ka stationari na uchapaji hapa Sinza, natoa kadi za biashara, vitambulisho vya wanafunzi, mabango madogo, tisheti za misiba na harusi. Mwezi uliopita kaja mteja katoka safari ya China, kanipa kadi ya plastiki akaniambia iguse na mgongo wa simu yako, nikagusa, hapohapo ukafunguka ukurasa wenye namba zake, WhatsApp yake na ramani ya duka lake, wala sikupakua apu yoyote. Wakuu usiku ule usingizi haukuja. Nimesoma nikajua inaitwa NFC, ni chipu ndogo haina betri, umeme inaupata kwenye simu yenyewe ukiisogeza karibu.

Nina milioni 3 na laki 2. Muuzaji wa Guangzhou kanipigia hesabu ya kadi 1,000 tupu, stika 2,000 na visimamio vya mezani vya migahawa, yani mteja akikaa anagusa na simu anaona menyu. Swali langu ni kwamba soko lipo kweli? Simu za watu wetu zina hii kitu? Na je huko mbele watu watalipa kwa kugusisha simu kama wanavyofanya Ulaya, ili nikiingia sasa niwe nimewahi? Wife anasema tununue mashine ya kudarizi na sijamkatalia. Naomba kuwasilisha.

fundi_chipu:
Mkuu hongera kwa kuuliza kabla hujatuma hela. Mimi natengeneza simu Kariakoo mwaka wa tisa huu, nikuambie ninachokiona mezani kwangu kila siku.

Simu nyingi zinazouzwa kwetu, hizi za laki mbili laki tatu, hazina NFC kabisa. Siyo kwamba imezimwa, antena yenyewe haipo ndani. Wanaotengeneza simu za bei rahisi hicho ndicho kitu cha kwanza wanachokiondoa kupunguza gharama kwa sababu wanajua mnunuzi wa huku hatakiulizia, ataulizia betri na kamera. NFC utaikuta kwenye iPhone, Samsung za kuanzia kati kwenda juu, Pixel, na baadhi ya Tecno na Infinix za bei ya juu. Na iPhone nazo siyo zote zinasoma vizuri, XS na XR kwenda mbele ndizo zinasoma zenyewe ukisogeza tu, 7, 8 na X mpaka ufungue kisomeo kwanza, 6 ile ina NFC ya malipo tu kadi yako haitaisoma.

Kabla hujaagiza, mambo machache. Mwambie muuzaji akupe chipu ya NTAG213 kwa kadi za biashara, ina nafasi ya baiti 144 tu kwahiyo usijaribu kuweka picha humo, weka linki. Usikubali akuuzie chipu aina ya Mifare Classic kwa kazi hiyo, iPhone haiisomi. Halafu hivyo visimamio, kama ni vya chuma au alumini uombe stika maalum za kubandika kwenye chuma, ya kawaida ukiibandika juu ya chuma inakufa hapohapo, chuma kinameza ile sumaku.

mama_wa_pilau:
Mdogo wangu mimi nina mgahawa Tabata, nitasema kama mteja wako mtarajiwa.

Menyu kwenye simu sihitaji. Wateja wangu wanauliza "leo kuna nini" na wanataka wajibiwe na mtu. Malipo ndiyo yananisumbua, na hapo Lipa Namba inanitosha, mtu ana kitochi cha elfu thelathini analipa, ujumbe unaingia kwangu naona. Hiyo ya kugusisha mtu wa kitochi atagusisha nini?

Na kingine hujakisema, wizi. Hapa jirani walishabandikiwa karatasi ya namba nyingine juu ya namba yao, siku nzima hela zinaenda kwa mtu hawamjui. Stika yako mtu akija akabandika yake juu nitajuaje, maana haina hata namba ya kusoma kwa macho?

fundi_chipu:
Mama hapo umegusa penyewe. Mchapaji, chipu ukishaiandika UIFUNGE isiandikike tena, ni hatua ya sekunde moja kwenye apu ya kuandikia, wengi wanasahau na mtu yeyote mwenye simu anakuja anafuta linki yako anaweka yake. Ila ukishafunga haifunguki tena, kwahiyo linki unayoandika iwe ya tovuti yako wewe ambayo wewe ndiye unaielekeza kwa mteja, akibadili namba unabadilisha kule na kadi inabaki ileile. Lakini hilo la kubandika stika nyingine juu halina dawa zaidi ya chipu kuwa ndani ya plastiki yenyewe, siyo juu.

wa_eastlands:
Mimi niko Nairobi, hapa tushapitia haya yote na yaliumiza watu, wacha niwaambie.

2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya bure kabisa, unaweka pesa, ukipanda matatu makanga anagusisha kadi kwa simu yake nauli inatoka. Kadi zilitoka nyingi, mimi mwenyewe nilikuwa nayo kwa waleti. 2014 serikali nayo ikasema matatu zote ziwache pesa taslimu. Leo uliza mtu yeyote stage hizo kadi ziko wapi. BebaPay ilifungwa 2015.

Na teknolojia haikuwa na shida hata kidogo, ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyosema. Shida ni hesabu ya siku. Makanga na dereva wanaishi kwa kile kinabaki mkononi jioni baada ya kupeleka ya mwenye gari, mafuta wanaweka kwa pesa taslimu, na barabarani kuna mkono unanyooshwa kila kona. Sasa ukiweka nauli yote kwa kadi inaenda moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye gari, wale wawili watakula nini? Walikuwa wanakwambia mashine imekufa, lipa cash au ushuke. Abiria naye alikuwa na M-Pesa tangu 2007, hakuona kadi inampa nini mpya. Safaricom wenyewe baadaye, 2017, walijaribu ya kugusa, 1Tap, wakaanzia Nakuru na kadi na stika za kubandika nyuma ya simu. Mpaka leo kule dukani watu wanaandika namba ya till, kama hiyo Lipa Namba yenu.

So ndugu yangu usiniambie soko la malipo ya kugusa litakuja kwa sababu Ulaya liko. Uliza kwanza nani anapoteza pesa likija.

mchapaji_sinza:
Asanteni sana wakuu, nimesoma kila neno mara mbili. Niwaambie nilichofanya jumamosi.

Nina stika kumi za sampuli yule mteja aliniachia. Nikaenda kwa rafiki yangu ana baa na jiko hapa Sinza, nikabandika moja moja mezani, nikakaa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku nikawa namuomba kila anayekaa ajaribu. Watu 34 walikubali. Simu zilizosoma ni 9 tu. Na katika hizo 9, tano NFC ilikuwa imezimwa nikaingia kwenye setingi nikawawashia. Kuna dada mmoja simu yake inayo kabisa, kila akiweka haisomi, anaweka sehemu ya chini kwenye tundu la chaja, nikamwambia dada sogeza huku juu karibu na kamera, ikasoma, akacheka akawaita wenzake waje waone. Yule dada alinifurahisha sana kwa kweli, lakini nikawaza, je kama nisingekuwepo pale? Angesema kitu kibovu na angeondoka.

Na meza mbili zilikuwa za chuma, hazikusoma simu yoyote, fundi umenena.

Kwahiyo nimeanza kuvunjika moyo, ila sijakata tamaa, niambieni kama kuna upande sijauona.

pwani_mashariki:
Asalaam alaykum. Mimi nipo Zanzibar, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku Paje. Kaka usivunjike moyo, umepima kwenye meza siyo yako.

Wageni wetu Mtaliani, Mjarumani, Mpolandi, simu zao karibu zote zinayo hiyo kitu na imewashwa tangu kwao maana ndiyo wanalipia kahawa. Wanafika kaunta wanachofanya cha kwanza wananyoosha simu kwenye mashine ya kadi kabla sijawaambia bei. Kwa hao, kibao cha "tuandikie maoni Google" au ramani ya safari za baharini kitafanya kazi khasa.

Lakini jambo kubwa silo hilo. Kaka kadi za milango! Vitasa vyetu vyote ni vya kugusa, kadi zina chipu ileile familia moja na hiyo yako, na kila wiki wageni wanaondoka nazo, wanazitia kwenye mfuko wa suruali wanapanda nazo ndege. Kila tukiishiwa tunaagiza nje, zinachelewa, zinakuja nyeupe hazina hata nembo ya hoteli. Mwezi wa nane tulifika kumpa mgeni wa chumba cha familia kadi moja watu wanne, wakawa wanasubiriana mlangoni. Mtu akiwa Dar anachapa nembo na kunitumia na boti siku ya pili, mimi bosi wangu namshawishi mwenyewe.

niko_Croydon:
Habari za huko nyumbani. Kwa kuwa Ulaya inatajwa tajwa naomba niseme ilivyokuwa, kwa sababu watu wanadhani wazungu waliamka siku moja wakaanza kugusa.

Hapa London ilianza na kadi ya Oyster 2003, kadi tu, siyo simu. Miaka na miaka watu wamezoea kugusa kadi kwenye basi. 2012 ndiyo wakaruhusu kadi ya benki kwenye mabasi, 2014 kwenye treni za chini ya ardhi, na mwaka huohuo mwishoni ndiyo Apple Pay ikazinduliwa kule Marekani, huku ikaja 2015. Yani mkono ulishazoea zaidi ya miaka kumi kabla simu haijaja. Hong Kong nao vivyo hivyo, kadi yao ya usafiri, Octopus, ni ya 1997. Na wale walioanzisha NFC Forum yenyewe 2004, yani umoja wa makampuni unaoweka viwango vya NFC, Nokia, Philips na Sony, Nokia alitoa simu yenye NFC mapema kabisa na haikumsaidia kitu, alikuwa na simu lakini pa kuigusisha hapakuwepo.

Sasa angalieni kwetu. Kivuko cha Kigamboni watu wanapita na kadi ya kugusa, N-Card, uwanja wa Mkapa mechi za Simba na Yanga tiketi ni N-Card. Kigali kwa jirani mabasi ni kadi ya Tap&Go. Pasipoti mpya tangu 2018 ina chipu ya namna hii ndani. Kwahiyo NFC Afrika Mashariki IPO na inatumiwa na mwananchi asiye na simujanja, ila imeingia kwa mlango wa kadi, na imeshika pale ambapo kuna geti, foleni na mwenye geti mmoja. Matatu ya Nairobi haikuwa na mwenye mmoja. Hilo ndilo naona mimi. Ya simu itakuja nyuma yake pole pole, simu zenye NFC zikishuka bei, sasa hivi hata wenyewe NFC Forum 2025 wametoa toleo la kuongeza umbali wa kusoma kutoka milimita 5 hadi 20 ili yule dada wa Sinza asihangaike kutafuta pa kugusisha.

kadi_mwanza:
Mchapaji mimi ni mwenzako wa fani, nachapa vitambulisho huku Mwanza. Mkubwa wa Croydon kamaliza, niongeze la mfukoni tu.

Kadi ya biashara ya kugusa mtu ananunua MOJA. Hiyo ndiyo sifa yake na hiyo ndiyo njaa yako, maana yule aliyekuwa anakuja kila miezi mitatu kuchapa mia mbili za karatasi umempoteza. Mimi niliuza kama hamsini hivi, mawakili, madalali wa viwanja, mchungaji mmoja, halafu kimya. Kilichonipa kula ni kadi za shule na jimu za mahudhurio, mwanafunzi anapoteza, mwanachama mpya anaingia, kila muhula simu inalia. Printa ya kadi za PVC unayo tayari kama unatoa vitambulisho, kadi yenye chipu inapita humohumo, angalia tu usichape juu ya pale chipu ilipo pana kauvimbe, kichwa cha printa kitakwaruzika na bei yake utalia.

Tahadhari kwenye milango: uliza mteja kitasa chake kinatumia chipu gani kabla ya kuagiza hata kadi moja. Zipo za aina nyingi na hazibadilishani. Mifare Classic ambayo fundi kakukataza kwa kadi za biashara, mahoteli mengi bado ndiyo wanatumia, ingawa usiri wake ulivunjwa na watafiti wa Uholanzi tangu 2008, kwahiyo mtu wa benki au ofisi nyeti usimuuzie hiyo.

mama_wa_pilau:
Hiyo ya jimu na shule naiona. Ya menyu mimi bado nakataa 😊

mchapaji_sinza:
Wakuu nimeshukuru sana, Mungu awabariki, mmeniokolea hela.

Nimekaa na wife jana usiku tumepiga hesabu upya kwenye daftari. Guangzhou namuagiza kadi 200 tu za kuanzia, visimamio vya mezani nimefuta, na kila kadi ya biashara nitakayotoa nitachapa na QR nyuma ili yule asiye na NFC naye asibaki nje. Laki tano nyingine ya stika inakaa kwanza, leo asubuhi nimepita shule mbili za msingi za Kijitonyama ambazo nawachapia vitambulisho, moja mwalimu mkuu kasema nirudi jumatano na sampuli. Hela iliyobaki ni ya mashine ya kudarizi.

pwani_mashariki nimekutumia ujumbe pembeni. Naomba unipigie picha ya kitasa kwa ndani, pale kwenye kifuniko cha betri huwa pana jina na namba ya modeli, na kadi moja mbovu kama ipo nitumie na boti nitalipia, niipime hapa kwanza nijue ni chipu gani.

pwani_mashariki:
Nimekuona. Zipo mbovu tatu kwenye droo, natuma na boti ya saa tisa na nusu kesho, kapokee bandarini.