Ada ya chama cha biashara kwenye ESO: inarudi kweli au nawatajirisha wengine tu?

mchuma_maua
Wakuu habari za humu. Nacheza gemu la Elder Scrolls Online (ESO) kwenye PC, seva ya Ulaya. Hadi sasa nipo kwenye kachama kadogo ka bure, mchuuzi wetu (yule wa gemu anayeuza vitu vya wanachama) wiki hii yuko huko porini hata mimi mwenyewe sijawahi kupita. Vitu vinauzika ila taratibu sana, vingine vinaisha muda vinanirudia kwenye meseji.

Sasa nimepata mwaliko kwa jamaa wenye mchuuzi mji wa Mournhold, pale kila mtu anapita. Sharti lao ni dhahabu (pesa ya gemu) elfu 20 kila wiki au uuze vitu vya laki 5 ndani ya wiki. Mimi nacheza usiku nikitoka kazini, kuna siku hata siingii. Nafanya riti (kazi za ufundi) za kila siku kwa wahusika watatu, nachuma maua na madini njiani, basi. Sifanyi ma-trial (yale mapambano ya kundi kubwa), siibi, sina motifu (mitindo ya mavazi na silaha) za ajabu.

Elfu 20 mara nne ni elfu 80 kwa mwezi, hiyo naongeza nafasi za benki. Kuna mtu wa hali kama yangu analipa hizi ada na anaona faida? Au ndo unalipa ili uonekane upo mjini?

hesabu_kwanza
Mkuu hiyo elfu 20 usiitazame peke yake, itakutisha bure. Riti za level ya juu zinalipa zaidi ya dhahabu 600 kila moja, mhusika mwenye ufundi wote saba anakutoa elfu 4 na kitu kwa siku hapo hujauza chochote. Wahusika watatu ni kama elfu 12, kwaiyo siku mbili za riti zimemaliza ada ya wiki. Kulipa unaweza. Swali ni kama Mournhold itakuuzia vitu ambavyo kule porini visingeuzika.

Makato ni yale yale kila chama. Ukiweka kitu cha elfu 10 unakatwa 1% palepale, kikiuzwa inakatwa 7% nyingine, mkononi unabaki na 9,200. Iwe mjini iwe porini ni hivyo hivyo, tofauti ni ada na mahali tu. Ina maana ili elfu 20 irudi unahitaji mauzo ya ZIADA ya kama elfu 22 kwa wiki. Nasema ziada, maana ukihamisha tu vile vile ambavyo vingeuzika kule kwenu hujapata kitu, umelipa kodi ya fremu.

Na hilo sharti la laki 5 halijatoka hewani. Katika ile 7%, nusu inaliwa na gemu na nusu ndo inaingia kwenye chama, yaani 3.5%. Laki 5 kwa 3.5% ni 17,500, karibu sawa na ile elfu 20 wanayotaka. Viongozi wanajua wanachofanya. Mchuuzi anapatikana kwa mnada kila wiki, zabuni za siri, huoni mwenzako kaweka ngapi, na dhahabu ya mshindi inapotea kabisa haiendi kwa mtu. Sehemu kama Mournhold hiyo zabuni ni mamilioni, nani atailipa kama wanachama hawachangi?

mzee_wa_porini
Hapa napingana kidogo na jamaa. Mimi silipi ada popote na dhahabu ninayo. Watu wanasahau siku hizi wanunuzi wengi wa PC wanaangalia kwanza Tamriel Trade Centre (TTC), ile tovuti ya bei, anaona kitu kiko wapi na bei gani, anaruka na wayshrine (kituo cha kusafiria haraka) hadi hapo. Mtu anayetafuta ramani ya fanicha ya bei mbaya atakufuata hata ukiwa jangwani, ilimradi bei yako imekaa vizuri kuliko ya mjini.

Halafu mjini kuna kitu hawakwambii, ushindani. Wachuuzi wamesimama mstari mmoja, kila mmoja nyuma yake kuna chama cha watu hadi 500, na wote wameweka ua la Columbine lile lile. Umeweka asubuhi, jioni kuna watu kumi wameshusha bei chini yako. Ukitoa uweke upya ile 1% hairudi. Bana mi nimeshindwa hizo presha.

dada_wa_Vvardenfell
@mzee_wa_porini uko sahihi kwa vitu vya bei kubwa ila huyu anauza maua na madini! Hakuna mtu anafungua tovuti kutafuta staki moja ya maua akaruka hadi porini. Anayenunua vitu hivyo yuko mjini tayari, katoka benki, kapita kwa mchuuzi, kaona, kanunua. Vitu vya matumizi ya kila siku vinataka njia ya watu wengi. Kwaiyo kwa mizigo yake yeye mjini ndo kwenyewe.

Ila mdogo wangu usihame kile chama chako kidogo! Akaunti moja inaruhusiwa vyama vitano, na kila chama kinakupa sloti (nafasi za kuuzia) 30. Weka vitu vinavyotoka haraka Mournhold, vile vya polepole viache kule kwa bure vikae visubiri mtu wake.

Na sloti 30 zijaze vizuri, hapa ndo watu wengi wanapoteza. Sloti moja inabeba staki (rundo) ya 200, sasa unakuta mtu kaweka ua moja moja sloti nane, au kajaza nguo za seti. Nguo za seti zilishakufa tangu mwishoni mwa 2020 walipoleta ile ya kukusanya seti, mtu akishapata kipande mara moja anakijenga upya kwa fuwele za transmute wakati wowote, ananunua cha nini. Wewe mwenye riti una mali usiyoijua:

Survey (ramani za mahali pa kuchuma) unazopewa kwenye riti, nenda kazichume usiziache zijae begi. Madini, mbao na vitambaa ghafi usiuze tu hovyo, linganisha kwanza. Kama pasivu (ujuzi wa kudumu) za kuyeyusha umezijaza, kuyeyusha kunakutoa Tempering Alloy, Rosin, Dreugh Wax mara moja moja na hivyo havijawahi kukosa mteja maana kila mtu anataka kufikisha silaha na mavazi yake ubora wa juu kabisa, ule wa rangi ya dhahabu. Bei inapanda gemu ikileta maudhui au seti mpya, basi wewe weka akiba uuze wakati huo. Riti kubwa (master writ) nazo zinauzika, kuna watu wanazitafuta kwa ajili ya vocha za kununulia vitu kwa Rolis Hlaalu, muuzaji wa kwenye gemu. Na ukichoka kukimbia kaa uvue samaki, Perfect Roe inatoka kwa nadra ila wanaotengeneza Psijic Ambrosia (kinywaji cha kuongeza uzoefu) hawaachi kuitafuta.

mchuma_maua
Asanteni sana, dada hapo kwenye survey umenigusa ninazo zimejaa benki hata sijui za wapi. Swali la pili, wiki nikisafiri kikazi je? Nitafukuzwa? Na wanajuaje nimeuza ngapi?

hesabu_kwanza
Wanajua, historia ya mauzo ya chama inasomwa na maadoni (programu za nyongeza za gemu), kiongozi anaona jina lako na jumla yako. Ukijua unasafiri andika kwa kiongozi mapema au weka ada ya wiki mbili kabla hujaondoka, wengi ni watu waelewa. Wanaofukuzwa ni wale wanaopotea kimya. Ila uliza kwanza hayo mambo kabla hujakubali mwaliko, kuna vyama vinahesabu tiketi za bahati nasibu kama ada na vingine havihesabu, usije ukanunua tiketi ukidhani umelipa.

Wachuuzi wanabadilika Jumanne, kwa saa zetu inakuwa jioni. Ingia muda huo huo, jaza sloti zote 30, ikifika Jumanne nyingine una wiki nzima ya kulinganisha. Ukiona umevuka laki 5 ada hulipi kabisa kwa sharti lao, umeshaitoa kwenye makato.

boss_wa_chat
Sijui mbona mnajisumbua, mimi nauza kwenye chati ya zone (ya eneo zima) na kutuma kwa COD (mtu analipa akipokea), hakuna 8% hakuna ada 😂

dada_wa_Vvardenfell
Na unasimama hapo unaandika WTS ("nauza") lisaa lizima badala ya kucheza. Mtu anayeingia usiku kachoka ana muda huo? Mchuuzi anakuuzia ukiwa umelala.

mzee_wa_porini
Haya nendeni mjini mi nabaki zangu. Mchuma_maua hizo survey za alchemy kama hutaki kukimbia nitumie kwenye meseji nikuchumie tugawane nusu, utani huo, haziwezi kutumwa zimefungwa kwenye akaunti. Ila ua la Corn Flower ukiwa nalo staki nzima usiliweke sokoni bado, niambie kwanza bei.

mchuma_maua
Ninazo staki mbili mkuu. Nikiingia usiku naangalia TTC halafu nakuambia, na sipunguzi kwa sababu wewe ni mzee.