Kengele yenye kamera inamwona mgeni akiondoka, akija haimwoni: niirekebishe, ninunue ya waya, au nifunge kompyuta ya utambuzi nyumbani?

BundiMacho (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina kengele ya mlangoni yenye kamera, ya betri, huu mwezi wa nne. Tatizo lake ni hili: mgeni akija haimwoni, akishageuka kuondoka ndiyo inashtuka. Klipu zangu karibu zote zinaanza na mgongo. Jana mleta mzigo kafika, kaweka boksi, kashuka ngazi. Klipu inafunguka yeye yuko getini, naona kofia na kisigino cha kiatu. Na hiyohiyo isiyoona watu imeliita koti langu la mvua lililotundikwa kibarazani "mtu" mara saba kwa usiku mmoja.

Nimepandisha unyeti hadi mwisho, ikawa inanipigia kelele kwa kila gari la barabarani. Nimeushusha, ikawa bubu. Nimeizima na kuiwasha, nimesasisha programu, nimefuta lenzi. Sasa nina njia tatu kichwani. Ya kwanza, niendelee kuibembeleza hii. Ya pili, ninunue ya waya. Ya tatu, nichukue kamera inayotuma video kwenye kompyuta ndogo hapa nyumbani, utambuzi ufanyike humohumo bila kulipia huduma kila mwezi. Aliyepita huko anishauri.

Fundi_Nyaya

Mkuu, usitoe hela bado. "Haitambui" ni jina moja la magonjwa matatu. La kwanza, kihisi hakikuamka kabisa, hakuna klipu. La pili, kiliamka na video ipo, ila programu imeandika "mwendo" badala ya "mtu". La tatu, imeandika "mtu" vizuri kabisa, ni simu yako ndiyo haikukuambia. Fungua historia ndani ya programu, tafuta saa aliyofika yule mleta mzigo, halafu tuambie ulichokuta. Pia tupe urefu kutoka sakafuni hadi kwenye kengele, na kama njia ya kuingilia inaijia uso kwa uso au inakatiza mbele yake.

Kibibi77

Mimi niliugua huo wa tatu. Nikabadilisha kengele nzima, mpya nayo ikawa kimya vilevile. Kumbe simu ilikuwa kwenye hali ya kubana betri, inaizima programu ya kengele kila nikiiacha dakika kadhaa. Nikairuhusu ifanye kazi chinichini, arifa zikaanza kumiminika mpaka nikatamani ule ukimya. Ile ya zamani nilimpa mdogo wangu, iko mlangoni kwake inafanya kazi safi, kila nikienda inanikodolea macho.

BundiMacho

Nimeangalia. Saa aliyofika hakuna kitu, klipu ya kwanza ndiyo ile ya kisigino. Urefu ni sentimita 160, niliifunga usawa wa macho yangu. Njia inatoka getini moja kwa moja hadi mlangoni, mita kama nane, imenyooka kama rula.

Fundi_Nyaya

Basi ugonjwa ni wa kwanza, na chanzo umekitaja mwenyewe: imenyooka kama rula.

Kengele nyingi za betri hazitazami muda wote, zingefanya hivyo betri ingeisha upesi. Kamera imelala, anayekesha ni kihisi cha joto, kile kijidirisha cha plastiki chini ya lenzi. Hicho hakioni picha. Eneo la mbele kimeligawa vipande, na kinachokiamsha ni joto kuhama kutoka kipande hiki kwenda kingine. Mtu anayekatiza mbele yake anavuka vipande vingi kwa hatua mbili tatu. Anayeijia uso kwa uso anabaki ndani ya kipande kilekile, joto lake linaongezeka taratibu, na kihisi hakioni sababu ya kuiamsha kamera. Anapofika mlangoni na kugeuka ndipo mwili mzima unakatiza kwa karibu. Kihisi kinashtuka, kamera inachukua sekunde moja hadi tatu kuamka, na mtu hutembea zaidi ya mita moja kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: unabaki na mgongo.

Unyeti hautibu hilo, unakuletea magari tu. Tafuta kabari ya kufungia nyuma ya kengele, mara nyingi huja ndani ya boksi na watu huitupa pamoja na karatasi. Ya nyuzi 15 inatosha. Igeuze kengele itazame njia kwa upande, mtu alazimike kukatiza. Kisha ishushe hadi mita 1.2 hivi. Ikiwa juu mno kihisi kinaruka vichwa vya watu wa karibu na kuokota injini za magari ya mbali.

Jambo jingine: jua likiwaka sana, ukuta na sakafu vikikaribia joto la ngozi ya mtu, tofauti inapotea na kihisi kinapofuka. Kwa hiyo ukifanya jaribio, fanya asubuhi na fanya mchana. Na usijaribu kuiweka nyuma ya kioo, kioo kinazuia ile mionzi ya joto.

UkutaMweupe

Naheshimu kabari ya fundi lakini mimi ningeenda ya waya, moja kwa moja. Ya waya haina usingizi. Inalinganisha picha na picha, saa zote, na nyingi huhifadhi sekunde chache za kabla ya tukio, kwa hiyo unapata uso, mkono, mpaka alivyofungua geti. Baridi haiisumbui kama betri, na hupandi kiti kila baada ya wiki kadhaa kuitoa ukachaji.

Ila kuna mitego miwili. Kwanza, zipo kengele za betri zinazokubali waya, na watu wanadhani zimegeuka za waya. Nyingi ya hizo waya unachaji betri tu, kamera inaendelea kulala vilevile. Soma karatasi yake kabla ya kununua. Pili, transfoma, kile kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba kwa ajili ya kengele. Kengele hizi kwa kawaida hutaka volti 16 hadi 24 za AC, na transfoma ya kengele ya zamani inaweza kuwa chini ya hapo. Yangu mchana ilikuwa salama, usiku inajizima. Nikaweka mita kwenye skrubu za nyuma nikangoja giza: 17, 17, 17, zile taa za infraredi za kuonea gizani zikawaka, 12, kengele ikafa, ikafufuka, ikafa tena. Wiki nzima nilikuwa nalaumu waifai.

ShumeWaDari

Nazungumzia njia ya tatu maana nimeishi nayo zaidi ya mwaka. Ninatumia Frigate, programu ya kurekodi kamera na kutambua vitu, pamoja na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, zote za bure na msimbo wake uko wazi. Frigate inatazama kwanza kama pikseli zimebadilika, halafu kipande kile tu ndicho inachokipeleka kwenye modeli ya kutambua vitu. Modeli inarudisha alama kati ya 0 na 1. Kwa mipangilio ya mwanzo, chini ya 0.5 inatupwa, na kitu hakihesabiwi kuwa mtu wa kweli mpaka alama yake ya kati, ikikusanywa picha kwa picha, ivuke 0.7. Hicho ndicho kizingiti chako, na raha yake ni kwamba unakishika kwa mkono: unaweza kusema mtu wa hapa hawezi kuwa mdogo kuliko pikseli kadhaa, au kipande hiki cha ukuta usikiangalie kabisa. Koti lako lingekwisha siku ya kwanza.

Ubaya wake: unahitaji kamera inayotoa video bila kukoma kwa RTSP (utaratibu wa kurusha video mtandaoni), na ya betri uliyonayo haitaweza. Unahitaji kompyuta inayowaka saa zote, na ikiwezekana kifaa cha kuisaidia kukokotoa. Na unahitaji kupenda kazi hii, maana ikikatika saa nane usiku fundi ni wewe. Mimi napenda. Mke wangu ana maoni tofauti.

Fundi_Nyaya

Shume, nakubaliana na yote, ila Bundi asidhani kompyuta inatibu kihisi. Kinachomtibu ni ile kamera isiyolala. Akinunua hiyo tu bila kompyuta, migongo imekwisha.

ShumeWaDari

Kweli. Lakini koti linabaki.

Kibibi77

Koti si aliingize ndani jamani.

Fundi_Nyaya

Dada Kibibi kamaliza. Ila Bundi, ujue kuwa koti haliiamshi kengele, halina joto. Kuna kinachoiamsha usiku, labda gari lenye injini ya moto au paka, kamera inafumbua macho, na cha kwanza kukuta ni kitu chenye mabega na kofia kwenye picha isiyo na rangi. Limekutwa eneo la tukio, likafungwa. Ukilitoa, bado utapata klipu za "mwendo". Tazama unyeti na mipaka ya eneo baada ya hapo, ukate barabara.

Mtazamaji_3

Hamjataja za rada. Zile hupima umbali, kwa hiyo unaiambia ipuuze kila kitu kilicho zaidi ya mita tano na barabara inatoweka. Jua kali haliipofushi kama kihisi cha joto. Nina moja, kwa magari imenisaidia mno. Kwa matawi yanayocheza karibu na mlango, wastani tu.

BundiMacho

Wakuu, mrejesho. Kabari nimeikuta ndani ya boksi, bado imefungwa kwenye nailoni. Nimeishusha kengele hadi sentimita 120 na kuigeuza kuelekea bustanini. Kabla ya kufungua skrubu nilitembea kutoka getini mara kumi kwa mwendo wa kawaida, nikingoja dakika mbili kati ya safari na safari ili kengele irudi kulala. Ilinikamata mara tatu. Baada ya kabari, asubuhi, mara tisa kati ya kumi, na uso unaonekana kuanzia mita tatu hivi. Saa saba mchana nikarudia: mara sita. Kwa hiyo jua fundi hakulisingizia.

Jirani ananiangalia toka juzi nikienda getini na kurudi, getini na kurudi. Bado hajauliza.

Koti limeingia ndani. Barabara nimeikata. Usiku wa jana arifa moja, nayo ni mimi mwenyewe nikitoa taka. Njia ya tatu naiacha, siwezi kuwa fundi wa saa nane usiku. Ya waya nitainunua betri hii ikichoka, na nitapima transfoma kwanza, gizani.

Mkaa_Kimya

Naomba kudandia mada. Yangu ni ya waya, mchana inatambua watu bila shida. Usiku picha nzima nyeupe kama maziwa, haitambui hata mimi nikiisogelea. Nayo ni transfoma?

UkutaMweupe

Ingekuwa transfoma ingejizima. Hiyo ni taa yake ya infraredi inarudi machoni. Angalia kama kuna ukuta mweupe au fremu ya mlango iliyo karibu sana na lenzi pembeni. Kama hakuna, chukua tochi uimulike kwa ubavu, utafute utando wa buibui. Wadudu hukusanyika kwenye ile taa na buibui anajua hilo.

Mkaa_Kimya

Nimekwenda na tochi na fagio. Buibui wawili.