Mrejesho: ratiba ya nyumba tatu, fundi bomba mmoja

Wakuu, niliuliza namna ya kupanga ratiba ya nyumba tatu zinazojengwa kwa pamoja, fundi bomba akiwa mmoja, mashine ya zege moja, na masika yakikaribia. Nimerudi kama nilivyoahidi. Asanteni sana.

Kilichonisaidia zaidi ni ushauri wa makadirio matatu kwa kila kazi, njia iliyotoka Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1958, kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Unachukua siku za kazi ikienda vizuri kabisa, unajumlisha siku za kawaida mara 4, unajumlisha siku za mambo yakiharibika, kisha unagawa kwa 6. Plasta yangu ilikuwa 4, 6 na 14. Jibu ni 7. Mteja anapenda kusikia 6, lakini 7 ndiyo ya kweli.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Kwenye karatasi nyumba zote zilikwenda sambamba, wakati fundi bomba hawezi kuwa kote kwa siku moja. Basi nilipanga zamu zake kwanza, kazi nyingine zikamfuata yeye. Siku za akiba nilizitoa kwenye kila kazi nikaziweka zote mwishoni, maana kazi ikipewa siku za ziada huzimaliza zote.

Nyumba mbili zimekabidhiwa. Ya tatu inasubiri vigae, na akiba bado ipo. Kugawana mashine ya zege ndiko bado kunanisumbua. Mwenye uzoefu naomba msaada.