Ciprofloxacin kwenye maji taka ya hospitali: leo ipo juu, kesho haipo

Maabara_Pwani
Wakuu, tunapima ciprofloxacin (dawa ya kuua bakteria) kwenye chemba ya mwisho ya hospitali, kabla bomba lake halijaungana na la mtaa. Mashine inavuta ml 400 kila saa kwa saa 24, zote kwenye dumu moja la lita 20. Jumanne majibu yako juu, Jumatano hakuna kitu, na wagonjwa ni walewale. Vipimo vimerudiwa, hakuna kilichobadilika. Turekebishe nini?

Bomba_Kuu
Maabara haina kosa. Dawa inakuja kila mgonjwa anapoflashi choo, na maji hayo yanapita chembani kwa dakika moja hivi. Tuseme flashi zenye dawa ni 40 kwa siku: hizo ni dakika 40 kati ya 1,440. Ukivuta mara 24, wastani wako ni flashi 0.67. Siku moja unakosa zote, siku nyingine unadaka mbili. Vuta kila dakika 5: mara 288, wastani 8. Kwa ml 50 kila mara unapata lita 14.4, dumu linatosha.

Tena, ujazo uleule usiku na mchana unaipa saa tisa usiku uzito sawa na saa moja asubuhi, wakati mtiririko haulingani hata kidogo. Kama kuna kipima mtiririko, kiunganishe na mashine. Kwa hospitali inayotoa mita za ujazo 144 kwa siku, ml 50 kila zinapopita lita 500.

Maabara_Pwani
Kipima mtiririko kipo. Je, tukiacha pampu ndogo ivute mfululizo, ml 10 kwa dakika?

Chemba7
Hapana. Kwenye mpira wa mm 3, ml 10 kwa dakika ni sentimita 2.4 tu kwa sekunde, na tope linatulia njiani. Ciprofloxacin inashika sana kwenye tope, kwa hiyo unaipoteza kabla haijafika dumuni. Kasi isipungue mita 0.6 kwa sekunde. Mpira upulizwe kabla na baada ya kila mvuto, uteremke bila kujikunja, na mdomo wake ukae katikati ya kina, pale maji yanapochafuka. Sakafuni utavuta mchanga, juu utavuta mafuta. Chujio la mdomoni likaguliwe kila siku. Matambara na pamba za hospitali huliziba haraka.

Bomba_Kuu
Naongeza: pima kimiminika na tope, kila kimoja peke yake. Ukichuja na kutupa kilichobaki kwenye karatasi, umetupa sehemu kubwa ya dawa. Dumu liwe gizani (mwanga unaivunja) na kwenye baridi ya nyuzi 4. Pima joto lake mwisho wa saa 24, barafu pekee haitoshi kwa joto la Pwani. Wodi zinamwaga klorini, nayo inaivunja dawa, kwa hiyo weka sodiamu thayosalfeti (chumvi inayoondoa klorini) dumuni kabla ya kuanza. Na kabla ya yote, pitisha maji safi ya maabara kwenye mpira hadi dumuni, uyapime kama sampuli, ujue kama mpira au dumu lina mabaki ya dawa.

Mashine iteremshwe kwa kamba. Mtu asiingie chembani.