ER 0, PR 0 kwenye saratani ya titi daraja la 1: tuyaamini majibu?

Mleta mada
Wakuu, majibu ya titi lililoondolewa: saratani ya mirija, daraja la 1 (seli zinafanana bado na za kawaida), ER 0% na PR 0% (vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni), HER2 1+ (protini ya ukuaji wa seli), Ki-67 8% (kasi ya seli kugawanyika). Titi lilitoka Ijumaa mchana, likatumbukizwa zima kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama), likakatwa Jumatatu. Upande wa tiba wanauliza kama wafute tamoksifeni (dawa ya kuzuia homoni) waanze kemo.

Hadubini
Wasifute kitu kwanza. Ukitoa aina chache za pekee kama adenoidi sistiki, daraja la 1 kukosa ER kabisa ni nadra mno. Neno "zima" ndilo linanitia shaka. Formalini hupenya taratibu, takriban milimita 1 kwa saa, na mafuta ya titi huikawiza zaidi. Nje panahifadhika, huku uvimbe ulioko katikati unaharibika ndani ya ndoo ileile. Zile saa 6 hadi 72 za kukaa kwenye formalini zina maana iwapo uvimbe ulipasuliwa vipande vya milimita 5 na kuingia formalini ya 10% yenye bafa (ya kudhibiti asidi) ndani ya saa 1 tangu utoke mwilini, formalini ikiwa mara 10 ya ujazo wa nyama.

Rudi kwenye slaidi, tafuta mirija ya kawaida kando ya saratani. Baadhi ya viini vyake huwa na ER, kwa hiyo lazima vishike rangi ya kahawia ya kipimo. Visiposhika, andika "kipimo hakisomeki". Usiandike hasi.

Bloku_na_Nta
Kama kuna biopsi ya sindano iliyotangulia upasuaji, rudia humo. Ni uzi mwembamba wa nyama, formalini huufikia haraka. Haipo? Chagua bloku nyingine (kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta) ya ukingoni mwa uvimbe, ukate slaidi mpya, maana zilizokaa zaidi ya wiki 6 hufifia. Kumbuka ER ni chanya kuanzia 1% ya seli (1 hadi 10% huitwa chanya ya chini), kwa hiyo rangi kidogo tu ikipotea, mgonjwa anakosa tiba ya homoni. HER2 nayo irudiwe.

Ki-67 hiyo isiamue chochote. 5% kushuka ni ya chini, 30% kupanda ni ya juu. Katikati wasomaji wawili hupishana kwa slaidi moja. Hesabu seli 500 au zaidi, za saratani vamizi tu. Limfosaiti (seli za kinga) nazo hushika rangi, ukizijumlisha unapandisha asilimia bure.

Mleta mada
Nimeangalia. Mirija ya kawaida ipo, hakuna kiini hata kimoja kilichoshika. Biopsi ipo, narudia vyote vitatu humo: ER, PR na HER2. Sasa Ijumaa nyingine tufanyeje, maabara ikiwa imefungwa?

Hadubini
Mkubaliane na tieta (chumba cha upasuaji). Upande wa kina upakwe wino kwanza, kisha titi lipasuliwe kutokea nyuma hadi katikati ya uvimbe, ngozi ibaki nzima. Wekeni gozi (kitambaa cha shashi) kwenye mpasuo usijifunge. Saa ya kutoka mwilini na saa ya kuingia formalini ziandikwe kwenye fomu, zote mbili.